Iventi ya Windows kati ya Python na C#: SetEvent inakubali ila upande wa pili hausikii kitu

mtu_wa_kaunta

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada hapa nimekwama na mwenye duka ananipigia simu kila baada ya muda.

Nina programu mbili ziko kwenye kompyuta moja ya Windows 10. Ya kwanza ni ya kaunta nimeiandika kwa Python, keshia akipiga mauzo risiti inaingia kwenye databesi ya SQLite. Ya pili ni ya C#, kazi yake moja tu, kuchukua risiti ambayo haijachapwa na kuipeleka kwenye printa. Mwanzo hii ya C# ilikuwa inachungulia databesi kila baada ya sekunde kadhaa, sikuipenda, keshia anabonyeza halafu anabaki anatazamana na mteja, ndo nikaona bora Python imgutue C# moja kwa moja kwa iventi yenye jina (alama ya Windows ambayo programu moja inaiwasha ili kuamsha nyingine inayoisubiri). C# inatengeneza EventWaitHandle inalala kwenye WaitOne, Python kwa ctypes (maktaba yake ya kuita kazi za Windows moja kwa moja) inaita CreateEventW kwa jina hilohilo halafu inapiga SetEvent.

Nikiziwasha zote mbili mwenyewe pale kwenye deskitopu inafanya kazi safi kabisa, risiti inatoka hapohapo. Shida imeanza nilipoigeuza ile ya C# kuwa sevisi ili iwake yenyewe mashine ikiwashwa. Kimya. Nikasoma huku na huku nikaambiwa sevisi zinakaa sesheni 0 na keshia yuko sesheni yake kwa hiyo jina lazima lianze na Global, nikaliweka pande zote mbili:

C#: `@"Global\risiti_mpya"`
Python: `"Global\risiti_mpya"`

Bado kimya. Na kinachoniumiza kichwa ni kwamba hakuna kosa lolote, CreateEventW inanipa hendo (handle, namba ya kuishikia iventi) nzuri tu, kosa la mwisho ni 0, SetEvent inarudisha 1, wakati huo sevisi imelala usingizi wa pono. Ina maana iventi ya Python na ya C# ni vitu viwili tofauti au? Nimeona pia Python ina multiprocessing.Event, sijui niitumie hiyo badala yake.

nyasi_kavu

Achana na iventi mkuu, fungua soketi ya localhost, C# isikilize pale, Python itume baiti moja, umemaliza. Mi nimefanya hivyo miaka yote na hakuna aliyenisumbua.

fundi_kerneli

Soketi itafanya kazi sikatai, ila jamaa anataka kugutua tu na kitu alichochagua ndo kazi yake hiyo, tumsaidie kwanza pale alipo.

Mtu wa kaunta, hakuna iventi ya Python wala iventi ya C#. EventWaitHandle ni koti tu limevalishwa juu ya CreateEvent ya Windows, na wewe kwa ctypes umeita hiyohiyo bila koti. Kitu chenyewe kiko ndani ya kerneli (kiini cha Windows), na kerneli haijui umeandika kwa lugha gani, hata programu moja ikiwa ya biti 32 na nyingine 64 zitakutana tu bila shida. Kinachozikutanisha ni jina, herufi kwa herufi, na linatofautisha herufi kubwa na ndogo. multiprocessing.Event iache, ile haina jina la kuitwa na programu ya nje, ni ya prosesi za Python zilizozaliwa na mzazi mmoja.

Sasa dalili umeshaiandika mwenyewe. Kosa la mwisho ni 0. Kama CreateEventW ingeikuta iventi ya sevisi tayari ipo ingekupa hendo NA kosa 183, yaani kitu hicho kipo tayari, umefungua cha mwenzio. Wewe umepata 0, maana yake Python imejitengenezea iventi mpya kabisa na inaipiga peke yake humo.

Na sababu ninavyoona ni hiyo baksleshi yako. Upande wa C# umeweka @ mbele ya stringi, vizuri. Upande wa Python hujaweka r. Kwenye Python baksleshi ikifuatwa na r ndogo siyo herufi mbili, ni herufi moja, ile ya kurudisha kasa (cursor) mwanzo wa mstari. Kwa hiyo jina lako ni Global, kisha herufi isiyoonekana, kisha isiti_mpya. Na kwa vile halina tena baksleshi, Windows haioni Global kama kiambishi, inaona ni jina la kawaida tu, inaliweka kwenye sesheni ya keshia bila kulalamika. Ungeliita Global\mauzo ungepona kwa bahati kwa sababu baksleshi na m haina maana maalumu, Python ingeiacha kama ilivyo (zile mpya zinatoa onyo lakini).

Piga `print(len(jina))`. Ikileta 18 nimekosea. Ikileta 17 basi ndo hiyo.

Kuna kaprogramu ka Sysinternals kanaitwa WinObj, kafungue kama admini, utaona folda ya \BaseNamedObjects na nyingine \Sessions\1\BaseNamedObjects. Za Global zinakaa ile ya kwanza, za keshia ile ya pili. Ukishaona kwa macho jina lako limelala wapi hutabishana tena na mtu.

mtu_wa_kaunta

Aisee 17!! Na kwenye WinObj nimeiona kweli iko kule kwa sesheni 1. Asante sana mkuu.

Nimeweka r mbele. Sasa hivi kimya kimeisha ila kumekuja kingine, CreateEventW inarudisha sifuri na kosa ni 5, nimekatazwa. Nimewaza kuiwasha Python kama admini, lakini siwezi kumpa keshia uadmini, si atajaza magemu humo.

binti_wa_C

Hiyo 5 ni dalili nzuri, maana yake sasa mmefika mlango mmoja, kilichobaki ni ruhusa.

Sevisi yako inaendeshwa na LocalSystem (akaunti ya Windows yenyewe), si ndiyo? Ikitengeneza iventi bila kusema nani aruhusiwe, Windows inaweka ruhusa za kawaida za huyo LocalSystem, na keshia hayumo. Halafu kuna la pili watu wengi hawalijui: CreateEvent ikikuta iventi ipo tayari inaomba ruhusa ZOTE juu yake, siyo ya kupiga tu. Kwa hiyo hata ukimruhusu keshia kupiga na kusubiri peke yake, CreateEventW itaendelea kukutupia 5. Upande wa Python tumia OpenEventW uombe kile unachokihitaji basi.

Upande wa C# iwe hivi, kama uko kwenye .NET mpya:

```
var ruhusa = new EventWaitHandleSecurity();
ruhusa.AddAccessRule(new EventWaitHandleAccessRule(
    new SecurityIdentifier(WellKnownSidType.LocalSystemSid, null),
    EventWaitHandleRights.FullControl, AccessControlType.Allow));
ruhusa.AddAccessRule(new EventWaitHandleAccessRule(
    new SecurityIdentifier(WellKnownSidType.AuthenticatedUserSid, null),
    EventWaitHandleRights.Modify | EventWaitHandleRights.Synchronize,
    AccessControlType.Allow));
var iventi = EventWaitHandleAcl.Create(false, EventResetMode.AutoReset,
    @"Global\risiti_mpya", out bool niMpya, ruhusa);
```

Usiandike jina la kundi kwa maneno kama "Everyone", hilo jina linabadilika kufuata lugha ya Windows iliyosakinishwa, tumia SID (namba ya utambulisho ya kundi) kama hapo juu. Na usije ukafuata ule ushauri wa kuweka ruhusa tupu ili kila mtu aingie, utaukuta sana huko mtandaoni, ule unampa yeyote hata uwezo wa kubadilisha ruhusa zenyewe.

Python:

```
k32 = ctypes.WinDLL("kernel32", use_last_error=True)
k32.OpenEventW.argtypes = [wintypes.DWORD, wintypes.BOOL, wintypes.LPCWSTR]
k32.OpenEventW.restype = wintypes.HANDLE
k32.SetEvent.argtypes = [wintypes.HANDLE]
hendo = k32.OpenEventW(0x0002, False, r"Global\risiti_mpya")
if not hendo:
    kosa = ctypes.get_last_error()
```

Hiyo 0x0002 ni ruhusa ya kupiga tu, Python haisubiri kitu kwa hiyo haihitaji zaidi. Kosa likiwa 2 maana yake iventi haipo, yaani sevisi haijawaka, subiri kidogo ujaribu tena. Likiwa 5 rudi kwenye ruhusa. Likiwa 6 kuna kitu kingine kina jina hilohilo ila cha aina nyingine, maana iventi, mutexi (kufuli), semafo (kihesabuji) na wenzao wote wanagawana majina sehemu moja, kwa hiyo mutexi ikishaitwa risiti_mpya iventi haiwezi tena.

Fungua hendo mara moja programu inapowaka, itunze. Nimeshaona kodi za watu zinafungua mpya kila muuzo bila kufunga, nenda Task Manager washa safu ya Handles uone zinavyopanda mchana kutwa.

nyasi_kavu

Mistari yote hiyo kwa ajili ya kugutua tu 😂 soketi ingekuwa mistari mitano

binti_wa_C

Na poti akiikuta ina mtu je, na antivairasi ikimuuliza keshia amruhusu au amkatalie je 😂 Kila kitu kina mahari yake kaka.

mtu_wa_kaunta

Imekubali dada, keshia wa kawaida kabisa, sevisi inagutuka, mwenye duka kanyamaza. Mungu awabariki.

Ila jioni watu walipojaa nimeona kitu. Mauzo yakifuatana harakaharaka kama matatu manne hivi, inatoka risiti moja au mbili, nyingine zinabaki kwenye databesi mpaka muuzo mwingine upigwe, na hata hapo inatoka moja tu ya zamani, foleni inabaki nyuma hivyohivyo. Kodi ya sevisi ni WaitOne, halafu chagua risiti moja ambayo haijachapwa, chapa, rudi WaitOne. Kuna mtu ofisini kaniambia nitumie PulseEvent badala ya SetEvent.

fundi_kerneli

PulseEvent usiiguse kabisa. Microsoft wenyewe kwenye nyaraka zao wanasema haitegemeki, imebaki kwa ajili ya programu za zamani. Inaamsha wale tu waliopo kwenye kusubiri sekunde ileile, na kerneli huwa inaweza kuitoa thredi kwenye kusubiri kwa kitambo kidogo sana ifanye kazi yake nyingine halafu iirudishe, mpigo ukipita hapo katikati umepotea na hakuna atakayekwambia.

Tatizo lako ni kwamba unaifanya iventi ihesabu, na iventi haihesabu. Iko imewaka au imezimwa, basi. Ni hodi ile: mgeni apige hodi mara nne wewe uko uani, ukija utafungua mlango mara moja. Python imepiga SetEvent mara nne wakati sevisi inahangaika na printa, ya kwanza imeiwasha, tatu zilizobaki zimekuta imewaka tayari hazikuongeza kitu. Sevisi inarudi WaitOne inapita mara moja, inachapa moja, inalala.

Kwa hiyo badilisha maana ya kuamka. Kuamka kusiwe "kuna risiti moja", kuwe "kuna kitu huko, nenda kaangalie". Ukiamka chapa MPAKA databesi iseme hakuna tena, ndo urudi kulala. Idadi iko kwenye databesi, huko ndiko kwa kuhesabia.

Mpangilio nao uwe huu. Python iandike risiti, ifanye commit (ihifadhi rasmi kwenye databesi), NDIPO ipige SetEvent. Ukipiga kabla ya commit sevisi itawahi kufika, itakuta patupu, italala, na risiti inaingia nyuma yake. Upande wa sevisi aina ya AutoReset inakusaidia kwa sababu iventi inajizima pale unapopita WaitOne, kabla hujaanza kusoma, kwa hiyo risiti ikiingia katikati ya kuchapa iventi inawaka tena na hutalala nayo. Ungekuwa na ManualReset ingebidi uite Reset KABLA ya kusoma databesi, ukiiita baada ya kusoma utafuta hodi ya mtu ambaye hujamhudumia.

Na usisubiri milele, weka WaitOne ya sekunde 30, muda ukiisha chungulia tu databesi hata kama hujagutuliwa. Kaunta ikizimika umeme baada ya commit na kabla ya SetEvent hiyo risiti itaokotwa na huo mchunguo.

Semafo yenye jina ndiyo inahesabu, lakini kwa kazi yako siioni faida. Prosesi zote zikifunga hendo zake inafutika na hesabu yake, na bado itabidi uulize databesi.

boss_wa_ubuntu

Sasa mimi niko huku Nairobi na setup kama hiyo lakini iko Linux, C# upande mmoja na Python ule mwingine, nikadhani nitacopy hii thread yote nibandike. EventWaitHandle yenye jina imenitupia PlatformNotSupportedException bana. Linux haina hii kitu ama?

fundi_kerneli

Haina kwa sura hiyo. Kwenye Linux .NET inakubali mutexi yenye jina, iventi yenye jina inakataa.

Kuna eventfd, ipo kwenye kerneli tangu 2.6.22, na Python kuanzia 3.10 inayo ndani ya os. Nzuri sana lakini haina jina, programu mbili zisizo na undugu haziwezi kuitana nayo mpaka moja impe mwenzie ile fd (namba ya kuishikia, kama hendo ya Windows) kupitia soketi ya Unix. Sasa kama ushafungua soketi ya Unix ili upitishe eventfd, si utume tu baiti moja humohumo uachane na eventfd.

Nyingine ni semafo ya POSIX, sem_open na jina kama /risiti, utaiona kama faili /dev/shm/sem.risiti. Tahadhari zake mbili. Moja haifi prosesi zikifa kama ya Windows, inabaki pale na namba yake mpaka uite sem_unlink au mashine iristati, kwa hiyo programu ikianguka ukaiwasha tena utakuta mabaki ya jana. Mbili ile sem_t ni ya glibc siyo ya kerneli, ukubwa wake kwenye biti 32 na 64 haulingani, kwa hiyo kule Windows nilikosema biti hazina shida, huku zina shida.

Ningekuwa wewe ningetumia soketi ya Unix, faili lake uliweke kwenye folda ambayo ruhusa zake unazijua. nyasi_kavu hapa nakupa haki yako.

nyasi_kavu

🙏🏿

boss_wa_ubuntu

Poa, naenda na soketi. Thanks wadau.

mtu_wa_kaunta

Wakuu lupu ya kuchapa mpaka iishe imetatua, leo foleni imepita yote. Nina maswali mawili ya mwisho mniwie radhi. La kwanza, sevisi ikiristati wakati kaunta bado imeshika hendo ya zamani, itabidi na kaunta niiwashe upya? La pili nataka keshia aone alama ya kijani risiti ikishatoka, nimeweka iventi ya pili risiti_tayari, Python inaisubiri kwa WaitForSingleObject lakini dirisha la Tkinter linaganda mpaka printa imalize.

binti_wa_C

La kwanza, hapana. Iventi inaishi mpaka hendo ya mwisho ifungwe, na kaunta imeshika yake, kwa hiyo sevisi ikirudi na Create inaikuta ileile na ile niMpya itakuwa false, mnaendelea kama kawaida. Ila hapo kuna mtego: siku ukibadilisha ruhusa au ukaigeuza AutoReset kuwa ManualReset halafu ukaristati sevisi peke yake, hayo mabadiliko hayatasomwa, kitu kikishakuwepo Windows inapuuza ulichoomba inakupa kilichopo. Funga na kaunta pia. Na ukiona niMpya ni false wakati mashine ndo kwanza imewaka andika kwenye logi, ujue kuna programu imewahi hilo jina kabla ya sevisi yako.

La pili, usisubiri ndani ya thredi ya dirisha. Ifungue risiti_tayari kwa 0x00100000, hiyo ni ruhusa ya kusubiri, halafu tumia `root.after(100, angalia)`, na ndani ya angalia ita WaitForSingleObject kwa muda 0. Muda 0 haisubiri, inachungulia na kurudi. Ikirudisha 0 iventi ilikuwa imewaka, nenda databesi uone ni risiti zipi zimechapwa uzipake kijani. Ikirudisha 258 bado, jipange tena kwa after. Ikirudisha 0xFFFFFFFF hendo yako ni mbovu au haina ruhusa, na hapo restype iweke wintypes.DWORD, ukiiacha bila kusema ctypes inaisoma kama int na utaona -1, utalinganisha na 0xFFFFFFFF wee hazitalingana.

mtu_wa_kaunta

Nimeona hiyo -1 kweli leo asubuhi nikadhani ni printa. Naiweka sasa hivi.